Kundi la Kwa Muda

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka shule ya jioni. Nikianza kumsema inabidi nianze na hilo, la sivyo nitakuwa simtendei haki. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minne, nashinda ndani nakunja nguo ambazo nilishazikunja jana, yeye akaingia na fomu mbili mkononi.

"Jaza," akasema. "Kompyuta, miezi tisa, saa kumi na moja mpaka saa mbili. Utajifungua katikati, lakini mtihani uko mwisho."

Nilijifungua katikati. Wiki tatu sikwenda darasani, na kila akirudi alikuja na daftari langu, siyo lake, langu, amelijaza kwa mwandiko wake wa duara, ananiwekea karibu na mto. Mwanangu alimjua shangazi yake kabla hajajua kucheka.

Kwa hiyo ile kampuni ya maghala ya baridi ilipotangaza kwamba inataka watu wawili wa majaribio kwenye kitengo cha kompyuta, tulipeleka barua siku moja, tukaitwa siku moja, tukapewa chumba kimoja chenye meza mbili zinazotazamana. Jengo zima lilipata kichekesho. Nikisema tu, "Ngoja nimuulize wifi," kuna mtu atajibu, "Muulize vizuri, maana huku juu haishiki." Utani huo ulichakaa wiki ya kwanza, sisi tukaendelea kuucheka.

Mkuu wa kitengo hakutuficha kitu. Watu walimwita Bwana Tiketi, kwa sababu hata ukimwambia unaumwa kichwa atakuuliza kama umefungua tiketi. Alituambia siku ya kwanza: miezi sita, kisha anabaki mmoja, kazi ya kudumu. Mwingine atapewa mkono wa kwaheri na barua nzuri.

Tulirudi nyumbani tukicheka. "Atakayebaki, nyumba imebaki," wifi akasema, na mama mkwe akapiga kigelegele kimoja kifupi, kama cha kufanyia mazoezi. Lakini mimi nilikuwa naitaka ile kazi mpaka naiota. Nilitaka niwe mtu wa kuandikwa mahali, nisiwe tena mtu wa kuambiwa "kaa kwanza tuone". Sikumwambia mtu. Nadhani na yeye hakusema yake.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki.

Kampuni ilikuwa na programu moja ya kusimamia huduma zote za kompyuta. Mashine ya kupimia mizigo ni huduma, ratiba ya malori ni huduma, kadi za kufungulia milango ni huduma, mishahara ni huduma. Kila huduma inawekwa kwenye kundi, na kila kundi lina mwenyewe. Kitu kikiharibika, programu inaangalia kiko kundi gani, inamtafuta mwenye kundi, inampigia simu hapo hapo, usiku au mchana. Basi. Kundi likiwa sahihi, anapigiwa mtu sahihi. Kundi likikosewa, unamwamsha mhasibu kwa ajili ya jokofu.

Na yalikuwa yamekosewa hasa. Aliyeyapanga alishaondoka, na alipanga kwa kufuata kabati za mashine: vilivyokaa kabati moja, kundi moja. Ndiyo maana kitasa cha choo cha madereva kilikuwa kundi moja na baridi ya Chumba cha Kwanza. Dereva akikwama chooni, simu inalia kwa fundi wa baridi. Fundi huyo, mtu mrefu, mkavu, anayevaa koti la manyoya hata jua likiwaka, alikuja mlangoni kwetu wiki ya pili.

"Nyie ndio wapya?" akauliza. "Naomba kitu kimoja tu. Mnitoe chooni."

Wifi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nikaandika.

Bwana Tiketi alinipa mimi kazi ya kuyapanga upya makundi yote, na wifi akapewa kupokea tiketi za kila siku. Hakunipa kwa kuwa nina akili zaidi. Alinipa kwa sababu niliuliza kuhusu kile choo. Nikachukua daftari nikaanza kuzunguka. Ghalani, kwa wapakiaji, kwa madereva, kwa mama wa mapokezi, kwa watu wa mishahara. Sikuwauliza mashine yao iko kabati gani. Niliwauliza, "Hii ikizimika sasa hivi, wewe unashindwa kufanya nini, na nani anakufokea?" Watu hupenda kuulizwa hivyo. Mpakiaji mmoja alinishika nusu saa nzima. Nikirudi mezani, nakuta vitu vimejipanga vyenyewe: huduma zote ambazo zikikatika lori haliondoki, kundi moja. Zote ambazo zikikatika mzigo unaharibika, kundi jingine, na mwenyewe ni fundi wa baridi. Zile za watu wa ndani, mishahara, likizo, kadi, na choo, peke yake.

Kulikuwa na kundi moja la ajabu, lililokuwepo tangu zamani. Liliitwa Kwa Muda. Programu haikukubali kuitoa huduma kundi hili na kuiweka lile moja kwa moja. Unaitoa, unaipumzisha kwenye Kwa Muda, kisha unaiingiza kundi jipya. Ni dakika mbili tu. Lakini Kwa Muda halikuwa na mwenyewe. Huduma ikikaa mle, hata ikilia vipi, hapigiwi mtu. Nilijiwekea sharti: siinuki kitini Kwa Muda likiwa na kitu ndani. Hata mkojo ulisubiri.

Kitu kimoja tu ndicho ambacho hakikuweza kusubiri. Kila siku saa nne mama mkwe alimleta mtoto getini. Mlinzi alikuwa ametuachia benchi kwenye kibanda chake, pembeni ya birika la chai, nami nilishuka nikamnyonyesha kwa dakika ishirini. Mlinzi hakumwandika mama mkwe kwenye kitabu cha wageni. "Bibi wa mtoto nimwandike mgeni?" aliwahi kuniambia. "Ananikumbusha mama yangu." Siku ambazo mgongo ulimsumbua mama mkwe hakuja, na mimi nilirudi nyumbani jioni na blauzi iliyolowa.

Jumanne moja, mwezi wa tano wa majaribio yetu, simu ya getini iliita nikijiandaa kuhamisha huduma mbili za mwisho kwenye orodha yangu: joto la Chumba cha Tatu na joto la Chumba cha Nne. Nilikuwa sijazigusa bado. Nikasita.

"Nenda, wifi," akasema wifi yangu, amekwisha kuinuka kwenye meza yake. "Mtoto hasubiri programu. Nitakumalizia hizi mbili. Usifunge, la sivyo nitaanza tena kuhangaika na nywila yako ndefu kama reli."

Akaunti yake haikuruhusiwa kuhamisha huduma. Yangu iliruhusiwa. Sheria inasema hata ukienda kunywa maji, funga. Nilimwachia wazi, kama ninavyomwachia mtoto.

Siku hiyo mwanangu aliniuma. Nilipiga kelele mlinzi akamwaga chai. Mama mkwe akamfungua mdomo kwa kidole, akakuta kitu kigumu kwenye ufizi, cheupe kama punje ya mchele. "Jino!" akasema. "Jino la kwanza, na amelijaribia kwa mama yake. Mfisadi huyu." Tukacheka watu watatu ndani ya kibanda kisicho na nafasi ya kucheka wawili. Nilipopanda juu nilimwambia wifi kabla sijakaa, naye akaruka kutoka kwenye kiti changu, akapiga makofi, akanikumbatia. "Zile mbili nimemaliza," akasema. "Mwanangu ana jino!" nikarudia. Sikuangalia Kwa Muda. Hilo ni langu, na sitalikana.

Jumatano asubuhi nilikuwa na ruhusa ya kumpeleka mtoto kupimwa uzito. Nilifika kazini saa nne na nusu, nikakuta milango ya Chumba cha Nne imefunguliwa kote kote, watu wanatoa maboksi na kuyapanga nje ukutani. Chanjo za kuku. Maboksi na maboksi ya chanjo za wafugaji, zimepata joto, hazifai tena. Fundi wa baridi alikuwa amesimama katikati na koti lake, anaangalia simu yake kama anayeangalia mtu aliyemtukana.

"Haikuniita," akaniambia. "Mashine imekufa tangu jana, na haikuniita hata mara moja."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikafungua historia ya programu, maana programu ile inaandika kila kitu: nani, nini, saa ngapi. Jumanne, saa nne na dakika kumi na tisa, joto la Chumba cha Tatu limetoka, limekwenda Kwa Muda, saa nne na ishirini limeingia kundi la baridi. Saa nne na ishirini na mbili, joto la Chumba cha Nne limetoka, limekwenda Kwa Muda. Halafu hakuna. Lilikuwa bado mle. Na mbele ya kila mstari, jina langu.

Wifi alikuwa amekaa mezani kwake, mikono mapajani, kompyuta yake haijawashwa.

"Wifi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni zile mbili za jana. Moja umeisahau njiani. Usiogope, twende kwa mkuu sote wawili. Mimi nitasema nilikuachia akaunti wazi, na wewe utasema..."

"Zipi?" akasema.

Nilidhani hakunisikia. "Zile mbili. Chumba cha Tatu na cha Nne. Uliponiambia niende kunyonyesha."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, macho ya mtu ambaye ameshalia mapema akamaliza. "Wifi," akasema polepole, "mimi jana nilishinda kwenye tiketi zangu. Kwenye kompyuta yako nilifika saa ngapi?"

Nimewahi kuungua na mafuta ya moto, na najua kwamba maumivu huwa hayaji pale pale. Kwanza unaangalia ngozi yako, unashangaa mbona imebadilika rangi. Ndivyo nilivyosimama pale.

Simu ya mezani ikalia. Bwana Tiketi alinitaka.

"Mwenzako amekuja kwangu asubuhi," aliniambia, wala hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonimaliza. "Amenieleza kwa uchungu tu, hakukusema vibaya. Kwamba mtoto halali, na wewe hulali, na siku hizi unasahau vitu. Ameomba nikuhurumie."

"Mkuu, saa ile sikuwepo mezani. Nilikuwa getini."

"Na akaunti yako ilikuwa wapi?"

Nikasema, "Wazi. Nilimwachia wifi."

"Yeye anasema hakugusa." Akaigeuza kompyuta yake nione mistari ile ile. "Mimi naenda na historia, mama. Historia haina wifi wala shemeji. Kama ulikuwa getini, niletee mtu."

Siku hiyo nzima nilitafuta mtu. Kamera ya ghorofani inaangalia ngazi ya dharura, haituangalii sisi. Kitabu cha geti, Jumanne, hakina mgeni hata mmoja kati ya saa tatu na saa sita. Mlinzi aliniangalia akavua kofia, akaivaa tena.

"Dada yangu, mimi najua mnakuja. Lakini nikisema alikuja, wataniuliza mbona sijamwandika. Na kwa kweli siku zote zinafanana. Jumanne, Jumatatu... Naweza kuapa kwa kila siku, kwa siku moja siwezi."

"Siku ya jino! Ulimwaga chai!"

"Chai huwa naimwaga," akasema, akainamisha kichwa.

Alibaki mama mkwe. Na hapo, nikiwa juha wa mwisho, nilishusha pumzi. Mama mkwe ndiye aliyeliona jino kabla yangu.

Alhamisi asubuhi Bwana Tiketi alituita sote wawili ofisini kwake, akampigia mama mkwe na kuweka sauti ya wote kusikia. Wifi alikaa kiti cha dirishani. Mimi nilikaa karibu na mlango, mkoba magotini.

"Shikamoo mama. Unaongea na mkubwa wao wa kazi. Swali dogo tu. Jumanne hii, saa nne, ulimleta mtoto hapa kazini?"

Nilimsikia mwanangu nyuma yake, anagonga kitu, sufuria labda.

"Kwani kuna nini, baba?"

"Kuna hitilafu imetokea. Tunataka kujua nani alikuwa kwenye mashine. Mkwe wako anasema alikuwa na wewe getini. Binti yako anasema yeye hakuigusa mashine hiyo. Wewe ndiye utatusaidia."

Wifi alikuwa anaangalia nje. Kidole chake kimoja kilikuwa kinakwangua rangi ya dirisha.

"Jumanne," akasema mama mkwe. "Jumanne... mgongo ulinikamata. Nadhani sikutoka. Sikumbuki vizuri, baba. Mimi mtu mzima."

"Mama," nikasema, "jino."

"Halo?" akasema. "Halo? Simu inakatika."

Haikuwa inakatika. Mwanangu alisikika anagonga, ta, ta, ta, safi kabisa, mpaka yeye mwenyewe alipoikata.

Bwana Tiketi alisubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kufuta machozi, lakini mimi sikuwa nalia. Akaniambia kwamba tiketi ya Chumba cha Nne lazima ifungwe Ijumaa saa sita, wakubwa wanaisubiri, na haiwezi kufungwa bila kujazwa sehemu ya chanzo. Mwenye akaunti ndiye anayejaza. "Andika tu: mpangaji alisahau huduma kwenye Kwa Muda. Ukiandika hivyo, nimeshaongea na wakubwa, nakuongezea miezi mitatu ya majaribio. Nafasi ya kudumu itakwenda kwa mwenzako, lakini utakuwa bado umo. Usipoandika, mkataba unaisha Ijumaa hiyo hiyo. Kafikirie."

Wifi alitangulia kutoka. Hatukurudi nyumbani pamoja.

Nilimkuta mama mkwe uani ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaanua nepi na kuzikunja pande nne. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amejaa mate. Nilimbeba. Nikamfuta mate kwa upindo wa kanga yangu.

"Nakumbuka," akasema hatimaye, akiiambia nepi. "La chini, upande wa kushoto. Nakumbuka vizuri kuliko wewe."

"Basi kwa nini, mama?"

"Wewe una mume. Akitoka anarudi, akipata analeta. Una mtoto. Yule wangu ana nini? Miaka thelathini na mbili, analala chumba alichozaliwa. Jana asubuhi amekuja amepiga magoti hapa hapa ulipo. Amesema, mama, tiketi ya Chumba cha Nne imeniingia alfajiri, nimekosea, na nikikubali natolewa mimi. Ningefanyaje? Nimemzaa."

"Alikuambia jana? Kabla mimi sijafika kazini?"

"Kabla hata hamjanywa chai."

Kumbe nilipokuwa kwenye foleni ya mizani, nikiwaonesha wanawake nisiowajua jino la mwanangu, nyumba nzima ilikuwa imeshajipanga, na mimi nimewekwa pembeni.

"Mama," nikasema, "mimi umenipokea mlangoni kwa mikono yako. Ulisema hunichukui mkwe, unanichukua mwana."

Akaendelea kukunja. "Nilisema," akajibu. "Na nilikuwa namaanisha, ila sikujua kwamba ipo siku nitaambiwa nichague."

Mume wangu alirudi jioni na vumbi la chuma kwenye nyusi. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na mtu wa maneno machache. Nilimwambia yote akiwa ananawa. Alinawa muda mrefu mno.

"Nakuamini," akasema.

"Kaseme hapo nje, mbele ya mama yako na dada yako."

Akachukua taulo, akajifuta uso, akajifuta na shingo, akajifuta na viwiko. "Tusilikuze," akasema kwa sauti ya chini. "Si umesema watakuongezea miezi mitatu? Andika, yapite. Utapata tu nyingine."

Nilimtazama mtu ninayempenda akiwa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe, nikahisi uchovu tu. Hata hasira haikuja.

Ijumaa nilifika kazini mapema. Niliifungua tiketi ile, nikasogea mpaka kwenye kisanduku cha chanzo, kile kialama kinawaka na kuzima, kinanisubiri. Nitasema ukweli: niliandika kama nilivyoambiwa. *Mpangaji alisahau.* Maneno mawili. Nikayasoma. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu mwenye mtoto. Nikafikiria jinsi yatakavyokaa pale. Tiketi haifutiki. Mtu mwingine akija mwakani kuuliza kwa nini Chumba cha Nne kiliharibika, atasoma kwamba kulikuwa na mwanamke msahaulifu, ameondolewa, yameisha. Na Kwa Muda litabaki pale pale bila mwenyewe, linangoja kumeza kingine.

Nikafuta. Nikaandika hivi:

*Huduma ya joto la Chumba cha Nne iliachwa kwenye kundi la Kwa Muda. Kundi hilo halina mwenyewe, hivyo hakuna aliyepigiwa simu. Hali hii ipo tangu kabla ya majaribio yetu. Aliyeihamisha alitumia akaunti yangu nikiwa getini nanyonyesha. Makosa yangu ni mawili: niliiacha akaunti wazi kwa mtu niliyemwamini, na niliporudi sikukagua.*

Sikuandika ni nani. Nilitaka, vidole vilikuwa tayari. Lakini sikuwa na shahidi, na nilikuwa nimeshajifunza wiki hiyo jina la mtu linavyoonekana kwenye kitu ambacho hakukifanya, nikaona bora pangoje mwenyewe aje ajiandike. Nikabonyeza hifadhi.

Bwana Tiketi aliisoma mara mbili mbele yangu, miwani imeshuka puani.

"Hii siyo niliyokuomba."

"Najua, mkuu."

"Nikiipeleka hivi, siwezi kukubakiza. Umekiri akaunti wazi na hukukiri kosa. Unanifunga mikono."

"Najua."

Akavua miwani. "Hili la kundi kukosa mwenyewe. Ni kweli?"

"Fungua uone."

Alifungua. Alikaa akiangalia ile nafasi tupu penye namba ya simu, labda miaka yote aliyokaa pale hajawahi kuiangalia. "Sasa nani apigiwe?"

"Weka yako, mkuu."

Akaiandika, kwa kidole kimoja, tarakimu moja moja. Kisha akavuta droo akatoa karatasi ya kumaliza mkataba, akaitia sahihi, akanisogezea. Alisimama aliponipa mkono. Sijui kama huwa anasimama.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu wifi hakuwepo chumbani. Koti lake lilikuwa kwenye kiti. Fundi wa baridi alinikuta kwenye ngazi, amesimama akizuia njia na ule urefu wake.

"Nimeisoma," akasema. "Tiketi ile. Inakuja kwangu nakala." Akaivuta zipu ya koti lake. "Miezi minne sijapigiwa simu ya choo. Ukiomba kazi mahali wakikuuliza nani anakujua, andika mimi."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, nilikuwa chumbani kwetu nimekaa kitandani, mtoto katikati ya miguu, simu ikalia. Wifi. Wikiendi nzima tulipishana uani kama wapangaji.

"Wifi," akasema, haraka haraka, sauti ya kuziba mdomo kwa kiganja. "Samahani. Mashine ya kupimia mizigo imegoma, programu imempigia mtu wa malori, na mtu wa malori anasema siyo yake. Malori saba yamesimama. Mkuu ananitazama. Umeipanga kwa nani? Kwenye daftari lako uliandika nini?"

Daftari lilikuwa hapo juu ya kabati. Nilijua jibu bila kulifungua.

"Wifi, upo?"

"Nipo. Nitakuambia," nikasema. "Kwanza niambie, Jumanne ile nilikuwa wapi?"

Nilisikia lori likinguruma nyuma yake, na mtu anafoka. Nilisikia akitembea, mlango ukifungwa, kelele zikipungua.

"Ulikuwa getini," akasema. Alikuwa analia. "Unanyonyesha. Uliporudi ukaniambia kuhusu jino, na mimi nikaacha nusu nikaja kukukumbatia... sikukusudia, wifi. Ile ya kwanza, ya kusahau, sikukusudia, wallahi."

"Najua. Na ya pili?"

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Hiyo ya pili ndiyo ukamwambie mkuu," nikasema. "Leo. Ukimaliza kumwambia, nipigie, nitakuelekeza kundi kwa kundi, hata kama ni mpaka jioni."

"Atanitoa."

"Na mimi nimetoka. Bado nipo."

"Na malori?"

Hapo ndipo nilipojiona nilivyo. Niliwaona wale wapakiaji, nikamwona yule aliyenishika nusu saa, wamekaa juu ya mizigo. "Mzani uko kundi la malori, lakini anayeushika ni mama wa mapokezi," nikasema. "Mpigie yeye, ufunguo wa kuuwasha upya anao. Hiyo nimewapa wao, siyo wewe."

Nikakata. Mwanangu alikuwa ananikazia macho kwa ule mshangao wake wa kila siku. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, na sikumuuliza amesikia mpaka wapi.

"Nimbebe?" akauliza.

"Hapana, mama. Leo nitakuwa naye."

Alisimama bado, mikono imenyooshwa kidogo, kisha akaishusha. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikavuta kiti mpaka dirishani kwenye mwanga, nikatoa karatasi nyeupe. Simu niliiweka pembeni, uso juu. Mpaka saa sita haikuwa imelia. Nilikuwa kwenye barua ya tatu ya kuomba kazi, na katika zote tatu, penye nafasi ya mtu anayenifahamu, nilikuwa nimeandika namba ya fundi wa baridi.